Juya halichambuliwi majini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni tangu kusi iliyopita, ule msimu wa upepo wa kusini. Mimi ni mama wa miaka 63, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, muuza samaki wa kukaanga, na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri kwa kipindi cha tatu sasa. Sikusoma theolojia. Nimeishia darasa la saba, lakini Biblia nimeisoma kwa sauti kila jioni kwa miaka 11, kwa sababu mama yangu alipofuka alitaka asomewe, na watoto wake wengine walikuwa mbali.

Jambo lenyewe ni la mazishi. Mwezi wa saba tulimzika kijana mvuvi, mtoto wa shoga yangu wa siku nyingi. Chombo chao kilipinduka wakirudi. Wenzake wawili waliokolewa na mashua iliyokuwa nyuma, yeye akaonekana siku ya tatu upande wa Tongoni. Anayeijua kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Kijana alibatizwa utotoni, lakini kanisani alikuwa haonekani mpaka Krismasi, na jioni alikuwa akinywa mnazi na wenzake. Ndugu wa upande wa baba wakamleta mhubiri wao aseme neno makaburini. Akafungua Luka sura ya 16, ule mfano wa Yesu wa tajiri aliyekufa akateswa kuzimu, na Lazaro, maskini wa mlangoni pake, akapelekwa kifuani kwa Ibrahimu. Nikafurahi, maana ni sehemu ninayoipenda. Lakini hakuisoma yote. Aliishia penye mateso, akafunga kitabu, akaelekeza kidole kaburini, akasema: "Huyu tunayemfukia, saa hii ninapoongea nanyi, anaomba tone la maji na hapewi."

Mama wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, hatua nne kutoka pale. Hakupiga kelele. Alivuta kanga akajifunika uso. Kesho yake nilimpelekea uji na maji ya kunywa. Uji aliuonja. Maji aliyasogeza pembeni, akaniuliza: "Somo, nitayanywaje maji, na mwanangu anayaomba hapewi?"

Mhariri, naandika kwa sababu ya kikombe kile cha maji.

Nianze na hiyo Luka 16. Kwetu pwani neno tajiri lina maana mbili. Tajiri ni mwenye mali, na tajiri ni mwenye chombo na nyavu, yule anayetoa fungu lake kwanza kabla ya mabaharia kugawana. Nilipokuwa msichana, baba akiwa baharia wa watu, ikisomwa "Palikuwa na mtu mmoja, tajiri", benchi la wavuvi lilikuwa linatazamana. Walijua anasemwa nani. Na ndivyo ilivyokuwa siku mfano ule uliposemwa: mistari michache kabla, Luka anaandika kwamba waliokuwa wakisikiliza ni Mafarisayo wapenda fedha, nao walikuwa wakimdhihaki Yesu. Wao ndio waliopigwa na neno lile. Hapakuwa na mama aliyefiwa pale.

Halafu tuangalie dhambi ya tajiri ni ipi. Haikuandikwa kwamba alikuwa mlevi, wala kwamba alikuwa hafiki ibadani. Hata wizi hakutajiwa. Alikuwa na mtu mlangoni pake mwenye vidonda, mbwa wakija kuviramba, na yeye akawa anakula siku zote kwa anasa. Na alimjua! Hili liliniingia siku moja ninamsomea mama, ikabidi nirudie mstari. Kule kuzimu tajiri anasema, "umtume Lazaro". Anamtaja kwa jina. Siku zote zile alilijua jina lake, na alikuwa akimpita. Na hata katika mateso bado anamuona Lazaro kuwa ni mtu wa kutumwa tu: achovye kidole majini, aende nyumbani akawaonye ndugu zangu watano. Mchungaji wetu alitufundisha katika semina ya wazee kwamba Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyeuhubiri mfano huu kule Antiokia karne ya 4, alisema kutomgawia maskini katika mali yako ni kumwibia. Akatuonyesha pia kwamba katika mifano yote ya Yesu, maskini huyu peke yake ndiye aliyepewa jina. Tajiri hana.

Kisha lipo neno kuzimu. Hili ni neno letu, ndugu wa mzimu na mizimu. Watu wanaopeleka sadaka katika mapango ya Amboni wanajua wanamzungumzia nani wanapolitamka. Kuzimu ni kwa wafu, walikokwenda wazee. Waliotafsiri Biblia ya mwaka 1952, hii ya Union tunayoisoma wengi, waliliweka pale ambapo Kigiriki kinasema Hadesi, makao ya wafu. Jehanamu ni neno jingine. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni bonde la Hinomu nje ya Yerusalemu ya kale, nalo katika mfano huu halimo. Sisemi kwamba hakuna hukumu. Naiamini, na kila Jumapili naikiri kwa kinywa changu, kwamba atakuja kuwahukumu walio hai na wafu. Ninachokataa ni kuufanya mfano kuwa ramani ya ahera. Ukitaka iwe ramani, itakubidi useme pia kwamba wateule wote wanakaa kifuani mwa mzee mmoja, na kwamba watu wa ng'ambo hii na ng'ambo ile wanaongea juu ya shimo kubwa kama mabaharia wanavyoitana kutoka chombo hiki hadi kile.

Na ule mwisho ambao mhubiri aliuacha ndio kilele chenyewe. Tajiri anataka mtu atoke kwa wafu akawatishe ndugu zake. Ibrahimu anakataa: "Wasipowasikia Musa na manabii, hawatashawishwa hata mtu akifufuka katika wafu." Leo hapa mjini watu wanarushiana kwenye simu, na wengine wanauza kwenye flashi, shuhuda za mtu aliyekufa, akatembezwa kuzimu, akaonyeshwa fulani na fulani wanavyoungua, akarudishwa aje atuonye. Yaani kile kile alichonyimwa tajiri sisi tunauziwa. Mpwa wangu aliniwekea ushuhuda mmoja nikiwa naparua samaki, nikausikiliza saa nzima mpaka mwisho. Walitajwa waliosuka nywele, waliopaka rangi midomoni, waliovaa suruali. Maskini wa mlangoni hakutajwa hata mara moja.

Lakini mfano ninaotaka kuukalia ni ule mfupi wa Mathayo 13, mstari wa 47 hadi wa 50. Wahubiri wengi wanaupita haraka, na mimi nimekulia ndani yake. "Tena ufalme wa mbinguni umefanana na juya, lililotupwa baharini, likakusanya wa kila namna, hata lilipojaa, walilivuta pwani, wakaketi, wakakusanya walio wema vyomboni, bali walio wabaya wakawatupa."

Msomaji wa bara anaweza kudhani juya ni wavu wowote. Sivyo. Upo mshipi, lipo dema, lipo jarife linalotegwa usiku likaachwa, zipo nyavu za kuzungushia dagaa. Juya ni refu, lina mfuko katikati, maboya juu na vizito chini, na kamba ndefu kila upande. Enzi za baba kamba zilikuwa za mkonge wa hapa hapa. Chombo kinalimwaga kwa kuzunguka kama upinde, kinarudisha kamba pwani, watu wanajipanga mistari miwili wanavuta, kumi huku na kumi kule, na watoto wanadandia kamba ili wapate kitoweo. Neno la Kigiriki aliloandika Mathayo, sagene, ni wavu wa namna hiyo hiyo, na katika Agano Jipya lote limo pale tu. Wale watafsiri walikuwa na maneno mengi ya kuchagua, wakachukua hili la wavuvi wa pwani. Ninawashukuru.

Leo juya la kukokota limepigwa marufuku na kanuni za uvuvi, na ni haki, kwa sababu linang'oa majani ya baharini na halibagui. Linazoa changu na mtoto wa changu, pweza, kaa, bunju mwenye sumu, mpaka mawe na ndala zilizokatika. Mimi naona ajabu moja hapo. Kosa lake mbele ya sheria ndilo jambo ambalo Yesu alitaka tulitazame: "likakusanya wa kila namna".

Nimevuta kamba hiyo nikiwa na miaka 9. Wakati wa kuvuta hujui kilichomo. Maji yamechafuka mchanga, unaona weupe unageuka mara moja na kupotea, huwezi kusema ni changu au ni bunju. Kijana akijitia kuingia majini kuchambua kabla juya halijafika, baba alikuwa akimkemea kwa sauti ambayo nyumbani hakuitumia kamwe. Ukiacha nafasi yako kwenye kamba, upande wako unalegea, ukingo wa chini unanyanyuka, na samaki wanatoka wote, wazuri kwa wabaya. Kazi yako ni kamba. Juya likishalala mchangani, likatulia, ndipo watu wanakaa chini. Mathayo ameliandika hilo neno, "wakaketi", na nadhani ni mtu aliyewahi kukaa karibu na wavuvi tu ambaye angelikumbuka. Wanawake walikaa na vikapu. Hawa wa mnada, hawa wa mchuzi wa nyumbani, bunju kafukie mbali kuku wasije wakala wakafa.

Mstari wa 49 unasema wazi kwamba watakaotenga ni malaika, na kwamba itakuwa katika mwisho wa dunia. Sasa sisi katika mfano huu ni akina nani? Mhubiri wa makaburini alijiona amekaa mchangani na kikapu. Mimi kila nikiusoma naona sisi ni samaki. Tumo majini bado, tumesongamana, Mlutheri na Mkatoliki, Mpentekoste na Mwanglikana, mnywa mnazi na mzee wa kanisa, na samaki hana mkono wa kumtoa mwenzake kwenye juya.

Tena, hata sisi tunaochambua samaki kila siku tunakosea. Kwa Myahudi, samaki mbaya hakuwa lazima awe ameoza. Walawi 11 imekataza kila cha majini kisicho na mapezi na magamba. Ziwa la Galilaya lina kambale, jamii ile ile ya kambale wa mito yetu, na mvuvi wa Kiyahudi alikuwa akimtupa. Sisi tunambanika, tunampika na nazi, tunamlia ugali.

Na habari ya silikanti watu wa Tanga tusiisahau upesi hivi. Kuanzia mwaka 2004, majarife ya wavuvi wetu upande wa Kigombe na Mwarongo yalianza kuleta samaki mkubwa, mweusi wa bluu, mwenye madoa meupe na mapezi yenye nyama kama mikono. Nyama yake ina mafuta mno, hailiki vizuri. Sokoni hana bei. Kumbe ni samaki wa ukoo ambao wataalamu walidhani ulikwisha tangu miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wakaja watu kutoka nchi za mbali kumtazama, na mwaka 2009 serikali ikatenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwa ajili yake, hapa kwetu. Mimi nimechagua samaki kwa macho na kwa kidole miaka zaidi ya 40. Nikibonyeza tumbo najua amelala siku ngapi. Na nakiri mbele ya wasomaji wako kwamba silikanti angefika kwenye meza yangu siku zile, ningemtupa.

Katika sura hiyo hiyo upo mfano wa magugu. Wanaolima mpunga kule Mombo hawahitaji kuelezwa, wanaujua mpunga pori unavyofanana na mpunga mwema mpaka unapotoa suke. Watumwa wanataka kung'oa, mwenye shamba anasema, "La, msije mkakusanya magugu, na kuzing'oa ngano pamoja nayo." Ni fundisho lile lile, limesemwa mara mbili katika sura moja, na bado hatulisikii.

Kosa hili lina ndugu yake, nalo ni kupanga tarehe. Mwaka huu pale njia ya kwenda sokoni kijana mmoja nadhifu, mwenye adabu, alinipa kipeperushi chenye jedwali. Kila mfano wa Yesu ulikuwa umewekwa mbele ya habari ya dunia: mtini ni taifa fulani, talanta ni benki, wanawali watano wapumbavu ni makanisa, likiwemo langu. Chini kulikuwa na hesabu ya miaka. Sikumcheka, maana niliona anaamini. Nilimuuliza kama amesikia habari za Shakahola. Alikuwa amesikia. Ni pwani hii hii yetu, ukivuka Horohoro, ukapita Mombasa na Kilifi. Mwaka 2023 katika msitu ule zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge wasile ili wakaonane na Yesu kabla dunia haijakwisha. Na watoto walikuwamo. Nyuma huko Marekani maelfu walimfuata William Miller, wakaingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakaacha mazao shambani bila kuvunwa, na asubuhi ya tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida. Wale angalau waliamka na uhai wao.

Marko 13, mstari wa 32, inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu ambaye amenipokea mizigo ya samaki na kunisomea mita ya maji kwa miaka 20, aliponiona na kile kipeperushi aliniambia: "Dada, hata kwetu Mtume aliulizwa Saa itakuwa lini, akaambiwa ajibu kwamba ilmu yake iko kwa Mola." Vitabu viwili, barabara moja ya Ngamiani, jibu moja. Na kwa kuwa nimelitaja, neno kiyama lenyewe kwa asili yake ya Kiarabu ni kusimama, kuinuka. Sisi tumelifanya liwe jina la balaa tu. Mvua ikizidi tunasema kiyama, bei ya mafuta ikipanda tunasema kiyama, wakati ni neno la wafu kuinuka wakasimama. Nimekwambia hili, Mhariri, kwa sababu shoga yangu alilihitaji siku ile makaburini na hakulipata.

Kuhusu wale wanawali kumi wa Mathayo 25, waliotoka na taa zao kumlaki bwana arusi, wenye majedwali wanapenda sana kutuambia nani ni mpumbavu. Lakini somo liko wazi: bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala. Wenye busara nao walilala! Kilichowatenga ni mafuta ya akiba. Waliozaliwa baada ya umeme kufika mitaani hawajui harusi ya karabai ilivyokuwa. Bwana harusi anatoka mbali, bahari imemchelewesha au ndugu wanabishana mahari, saa sita usiku imepita, mafuta ya taa yanakwisha na duka la Mhindi limefungwa zamani. Mtu mmoja akiwa na chupa yake ya akiba, anaonekana malaika. Sasa hapo ndipo mfano huu unaponisumbua hadi leo. Wenye busara hawakugawa. Kwetu sisi kumnyima mwenzio mafuta ya taa usiku wa harusi ni aibu kubwa. Nimewauliza wachungaji wawili. Mmoja alisema mafuta yale ni imani, na imani haiazimwi. Wa pili alisema mfano una hoja moja, nayo ni kukesha, tusiubane utoe hoja ya pili. Huyu wa pili alisema kuna Mjerumani aitwaye Adolf Jülicher aliyeifundisha kanuni hiyo ya hoja moja mwishoni mwa karne ya 19. Jibu lake linanikaa vizuri zaidi, lakini nikiusoma ule mlango waliofungiwa wale watano bado nasikia vibaya moyoni, na sitajifanya nimeumaliza. Labda haukutolewa umalizwe. Ninachojua ni mstari wa 13: "Basi kesheni, kwa sababu hamwijui siku wala saa." Haukusema pigeni hesabu.

Mwisho wa sura hiyo ndiko waliko kondoo na mbuzi, ambao Mfalme anawatenga, hawa kulia na hawa kushoto. Anayewafahamu kondoo wetu wa pwani anajua kwamba kwa mbali huwezi kuwatofautisha na mbuzi mpaka uone mkia, umesimama au umelala. Wanashinda pamoja mchana kutwa. Na ukisoma vizuri, pande zote mbili zinashangaa. Wa kulia wanauliza, lini tulikuona una njaa? Wa kushoto wanauliza vivyo hivyo. Hakuna aliyejua upande wake kabla Mfalme hajasema. Basi mhubiri yule alijuaje?

Pale soko la samaki la Deep Sea hukaa mzee mmoja, zamani mkata mkonge, aliyekatwa mguu kwa kisukari. Hukaa penye kivuli karibu na ngazi. Marehemu, kila chombo chao kilipofika, kabla ya kupeleka fungu lake kwa dalali, alimwachia mzee yule vibua viwili au vitatu kwenye mfuko wa rambo, akaendelea na safari yake bila maneno. Nimeona kwa macho yangu siku nyingi. Amekufa nikimdai shilingi 14,000 za samaki wa kukaanga na chapati, kwa hiyo msidhani namsifu kwa sababu alikuwa mtu safi wa hesabu. Siku ya mazishi mzee yule aliletwa makaburini kwa bajaji, amekaa nyuma kabisa, na maneno ya mhubiri aliyasikia. Sisemi vibua vile vimemwingiza kijana mbinguni. Nikisema hivyo nami nitakuwa nimeshika kikapu ambacho si changu. Nasema tu kwamba mtu aliyefungua Luka 16 mbele yetu hakuuliza kama marehemu alikuwa na mtu mlangoni pake, na alimtendeaje, na jibu lilikuwa limekaa pale pale kwenye bajaji.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wachungaji, makatekista, wainjilisti na wahubiri wote wa mkoa huu. Mkiitwa makaburini, mkachagua mfano, usomeni wote mpaka nukta ya mwisho. Na kama ni onyo mnataka kutoa, tuonyeni sisi tuliosimama, sisi ambao bado tuna milango na watu wamekaa mlangoni. Aliyelala ameshatoka mikononi mwetu. Ibada za kanisa tangu zamani zinamkabidhi kwa Mungu katika tumaini la ufufuo, mavumbi kwa mavumbi, na haziongezi neno. Jirani yangu aliniambia jioni ile tulipotoka kuzika: "Kwetu maiti huombewa, hahukumiwi." Niliona haya kwamba ilibidi nisikie hivyo kutoka kwa mtu wa dini nyingine, siku ya msiba wetu.

La pili ni kwako, Mhariri. Ukurasa wako wa dini unasomwa sana hapa sokoni, hata magazeti ya kufungia samaki watu huyasoma kwanza. Mtu akikuletea mafundisho ya siku za mwisho, mwombe aweke na mfano wenyewe mzima juu ya maelezo yake, maneno ya Biblia yenyewe, ili msomaji alinganishe. Nafasi haitapotea. Ule wa juya ni mistari minne tu.

Shoga yangu sasa anakunywa maji. Ilichukua wiki tatu, na sikumshawishi mimi kwa hoja hizi. Nilikuwa nakwenda jioni, nasoma sura moja, nanyamaza, nanyanyuka. Mwezi ujao familia inaweka msalaba kaburini. Ameniomba nisome mimi, na amechagua mwenyewe Mathayo 13. Akaniambia pia niwaombe wale ndugu wa upande wa baba wamwalike tena mhubiri wao, aje akae nasi mkekani asikilize. Nimeshapeleka ujumbe. Mzee wa bajaji naye anakuja, nauli yake nimeshaiweka pembeni.

Wako,

Mama muuza samaki, mzee wa kanisa
Ngamiani, Tanga
(Jina langu kamili mnalo.)